TUVUKE MNAZI MMOJA

Kila mwaka shule zinapofungwa, na kila mara watumishi wa umma wanapopata likizo, mabasi yanayoingia kituo kikuu cha Mbezi hujaa wageni wanaokuja Dar es Salaam. Wapo waliokuja kuwaona ndugu, wapo waliokuja kufuatilia shughuli zao maofisini, na wapo waliokuja kupumzika tu. Wengi wao hupokewa na jamaa, hulala sebuleni, huenda Kariakoo siku mbili tatu, hununua sare za watoto na vitu vya nyumbani, kisha hufunga mizigo na kurudi walikotoka. Wakiulizwa na wenzao mji ulikuwaje, jibu lao ni maneno mawili: joto na foleni.

Hivi karibuni tulizungumza na mwalimu mmoja wa historia kutoka mkoa wa Tabora. Ameshika chaki miaka 19, na kwa hesabu yake mwenyewe amefika mjini hapa si chini ya mara kumi. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wake habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Tulimwuliza kama amewahi kuingia Makumbusho ya Taifa, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kulihifadhi fuvu hilo. Alicheka kidogo kwa haya, akasema: "Kule si kwa Wazungu, ndugu yangu?" Makumbusho yenyewe yalikuwa mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu toka nyumba ya wageni aliyofikia.

Jibu la mwalimu yule ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Hatumlaumu. Alichokisema kina asili yake, na asili hiyo imo katika ramani ya mji wenyewe.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, waliupanga mji kwa rangi za watu. Kwa sheria za ujenzi waligawa maeneo matatu. Upande wa bahari ulikuwa wa nyumba za Wazungu zenye nafasi na bustani. Katikati palikuwa pa maduka na nyumba za Wahindi. Magharibi palikuwa pa nyumba za udongo na makuti, ndipo pa Waafrika. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, hawakuyafuta mambo hayo. Waliyaendeleza, na baina ya Kariakoo na mji wa biashara wakatenga uwanja mtupu uwe mpaka. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Mwafrika aliuvuka asubuhi kwenda kuwa mpishi, tarishi au mchukuzi, na jioni aliuvuka tena kurudi kwake. Upande wa pili alikuwa na kazi. Matembezi hakuwa nayo.

Sheria hizo zilikwisha kufa. Leo Mnazi Mmoja ni uwanja wa wananchi, na pale umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru. Lakini mazoea ni magumu kufa kuliko sheria. Mgeni wetu kutoka bara bado hufika Kariakoo akageuza. Ng'ambo ya uwanja ule amewaachia wengine: makumbusho, bustani, ufuko, majengo ya kale, hata bahari yenyewe. Hakuna askari anayemzuia; anajizuia mwenyewe. Hii ndiyo kasumba tunayotaka kuizungumzia, na dawa yake ni rahisi: kuvuka.

Tena wakati wa kuvuka ni huu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 wizara zilihama kwa kasi. Watumishi wengi waliokuwa wenyeji wa Dar es Salaam sasa ni wageni wake. Aidha, tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa huwaleta abiria kutoka Dodoma kwa saa nne hivi. Mtumishi aweza kutoka ofisini Ijumaa, akalala Dar es Salaam siku mbili, na Jumatatu akawa mezani pake. Siku mbili au tatu zikitumiwa kwa akili zinatosha kuujua mji.

Tuanze na malazi, maana mgeni aliyelala vibaya haoni kitu. Jengo linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote yaliyobaki katikati ya mji ni Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe yapata mwaka 1866 na 1867, kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Unguja, ili wageni wake wapate pa kulala. Basi mji huu, tangu siku zake za mwanzo, ulijengewa nyumba ya wageni. Ni aibu basi kwamba miaka zaidi ya 150 baadaye mwalimu akija mjini anapata taabu kujua alale wapi kwa heshima na kwa bei anayoimudu.

Wengi hufikia kwa ndugu, na hiyo ni desturi njema tusiyotaka ife. Lakini wahenga walikwisha sema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wako naye anaamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini, na chumba chake kimoja kina watoto wanne. Anayekuja kutembea, na ana uwezo kidogo, afadhali amsalimie ndugu yake, ale naye chakula cha mchana, kisha akalale nyumba ya wageni. Zipo nyingi Kariakoo, Ilala, Magomeni na Sinza, na katikati ya mji zipo hosteli za taasisi za dini zilizo tulivu na safi. Tunashauri uchague mahali palipo karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, kwa sababu njia yake kuu hutoka Kimara, hupita Magomeni na hufika Kivukoni ukingoni mwa bahari. Asiyebanwa na ratiba aje kati ya Juni na Septemba, wakati wa kipupwe. Masika mto Msimbazi hufurika bonde la Jangwani, na barabara hufungwa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: mlango una kufuli la kweli? Chandarua kizima? Maji yanatoka? Baa ya jirani hufunga saa ngapi? Kisha dai stakabadhi. Mwandishi wa tahariri hii aliwahi kutajiwa bei moja saa moja jioni na bei nyingine saa nne usiku, kwa chumba kile kile, na kitanda hakikuwa kimeongezeka urefu. Wenye nyumba za wageni wajue kwamba bei iliyoandikwa ukutani ni heshima kwa mgeni, na ni heshima kwao pia.

Asubuhi ya kwanza ianzie Kariakoo, lakini iwe Kariakoo ya kutazamwa, isiwe ya kununua tu. Jina lenyewe ni somo. Lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliokusanywa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza kubeba mizigo ya jeshi. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikufa katika kazi hiyo, wengi kwa njaa na maradhi. Kila tutamkapo "Kariakoo" tunawataja wao bila kujua. Jengo la soko, lenye paa la miavuli mikubwa ya zege, lilifunguliwa mwaka 1975. Lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021, ikabidi lifanyiwe ukarabati mkubwa. Mwalimu wa hesabu au wa ufundi akisimama chini ya miavuli ile atapata mfano wa kufundishia muhula mzima.

Toka hapo nenda Mtaa wa Lumumba. TANU ilizaliwa mtaa huo tarehe 7 Julai 1954, na katika jengo la chama mtaa huo huo ndimo Chuo Kikuu kilimofungulia madarasa yake ya kwanza Oktoba 1961, kabla ya kuhamia Mlimani. Mahali hapa pana umri wa babu zetu tu, lakini wengi hupita wakiwa wameinamia mizigo yao.

Kwa ununuzi, tunasema hivi: nunua kidogo, nunua kitu chenye asili. Kanga na vitenge vimejaa Barabara ya Uhuru, na mwenye kujua kusoma maneno ya kanga atakaa nusu saa akicheka peke yake. Lakini simu na ndoo za plastiki zipo hata Nzega. Kisichopo Nzega ni kinyago cha Kimakonde kinachochongwa mbele ya macho yako pale Mwenge, na picha ya mtindo wa Tingatinga inayochorwa na wanachama wa ushirika wao kule Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora katika miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, hakuacha shule ya sanaa wala kitabu, ila aliacha wanafunzi, nao wakaacha wanafunzi. Mwalimu gani hatatamani kuacha urithi wa namna hiyo? Mwenye kupenda vitabu naye apite katikati ya mji, ambako vitabu vilivyokwisha tumika hupangwa kando ya njia, na pengine kile ulichokitafuta tangu chuo kipo pale chini kikingoja.

Siku ya pili, vuka. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, pita Mnazi Mmoja kwa miguu uelekee baharini. Utalikuta sanamu la Askari katikati ya barabara. Hapo zamani Wajerumani walisimamisha sanamu la gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza waliliondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha hili la shaba kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa vitani. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Ukiwa umetoka Kariakoo, wapagazi wale sasa utakuwa umewakuta mara mbili: kwanza katika jina la soko, na sasa katika shaba.

Teremka hadi Boma la Kale, utazame milango yake ya nakshi. Jirani yake ipo nyumba nyingine ya enzi za Majid, iitwayo Atiman. Imepewa jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga Malta, na tangu mwaka 1889 akawatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956. Fuata ukingo wa bandari. Utayapita makanisa mawili makubwa yaliyojengwa zama za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, huku upande wa kulia meli zikiingia katika mlango mwembamba wa bandari.

Njaa itakapokushika utakuwa Feri, na hapo ndipo pa kula. Samaki aliyetoka majini alfajiri anakaangwa mbele yako, na anayependa pweza hatarudi njaa. Ukila na wavuvi na wachukuzi utajua habari za mji kuliko ungezisoma mahali popote. Kwa jumla, mgeni asiogope kwa mama lishe: aangalie kama chakula ni cha moto, maji ya kunawa yapo, na wateja ni wengi, kisha aketi. Mitaa ya Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu, ina bajia, kachori na sambusa ambazo ni sehemu ya chakula cha mji huu kwa vizazi kadhaa. Jioni, mihogo ya kukaanga na mishkaki ya Coco Beach humtosha mtu na watoto wake, na upepo wa bahari hautozwi bei. Ufuko huo uko Oysterbay, mtaa uliojengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza. Leo watoto wa Manzese na Buguruni wanaogelea pale siku za sikukuu, na kila tukiwaona tunakumbuka kwamba uhuru una sura nyingi.

Kutoka Feri, Makumbusho ya Taifa si mbali, yapo Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani. Yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza. Leo ndani yake mna habari za binadamu wa kale, vyombo vya watu wa Kilwa, magari waliyoyatumia viongozi wetu, na kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Kiingilio cha raia ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha mgeni wa nje. Maana yake ni kwamba aliyepanga kiingilio alikutazamia wewe, ndugu mwalimu. Wewe ndiye hujaja.

Siku ya tatu ina mambo mawili. Kwanza ni nyumba ya Magomeni aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, ambayo sasa imehifadhiwa. Aliacha kazi ya ualimu Pugu mwezi Machi mwaka 1955, akaacha na mshahara wake. Nyumba ni ndogo, na udogo wake ndio mafundisho yake. Pili ni Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967. Pale zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, na mtoto aliyezaliwa ghorofani ataiona nyumba aliyozaliwa bibi yake. Kama muda upo, panda pantoni uvuke mpaka Kigamboni, urudi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2016.

Tunajua tutajibiwaje. Mtasema mshahara ni mdogo, mikopo ni mingi, na likizo ya siku 28 huishia kwenye misiba na harusi. Hayo ni kweli, na hatuna haja ya kuyabishia. Lakini hesabuni tena. Kutazama sanamu la Askari hakulipiwi. Kutembea ukingo wa bandari hakulipiwi. Nauli ya kwenda Feri kula samaki haizidi nauli ya kwenda Kariakoo kununua kikombe kingine cha plastiki. Wala msidhani tunawasema wageni peke yao. Wapo wakazi wa jiji hili, maofisa wenye shahada, wanaopita mbele ya Makumbusho kila siku ya kazi tangu waajiriwe na hawajapanda ngazi zake.

Na jambo lenyewe si la starehe tu. Mahali pasipoingiwa na wananchi hatimaye hupangwa kwa ajili ya wengine: maelezo yataandikwa kwa lugha ya wengine, saa za kufungua zitafuata wengine, na bei ya soda itakuwa ya wengine. Tena yapo mabaya zaidi. Majengo kadhaa ya kale ya mji huu yamekwisha vunjwa kupisha maghorofa, na siku yalipoanguka wachache sana walisikitika, kwa sababu wachache sana waliwahi kuyajua. Jengo lisilotembelewa na wananchi halina mtetezi siku ya kuvunjwa. Anayelijua Boma la Kale kwa kuligusa ukuta ndiye atakayeuliza maswali siku tingatinga litakapokaribia.

Kwa hiyo tunazo haja, tena si nyingi. Wasimamizi wa makumbusho na majengo ya kale wahakikishe kwamba kila maelezo yanasomeka kwa Kiswahili fasaha, na kwamba milango iko wazi siku ambazo mfanyakazi naye yuko huru, yaani Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Jiji liweke kibao mbele ya kila jengo la historia, chenye mwaka na habari zake, ili mpita njia asome bila kumtafuta mtu wa kumweleza. Wenye nyumba za wageni waandike bei na waishike. Wakuu wa shule wanaoleta wanafunzi mjini kwa michezo au mitihani wasiwarudishe kabla hawajavuka Mnazi Mmoja. Mwanafunzi aliyeliona Boma la Kale kwa macho yake hahitaji kukaririshwa mwaka lilipojengwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wetu unahitaji kupona ugonjwa wa kuwa soko tu, na wa kumpa mgeni foleni na joto bila kumwonyesha kitu. Tiba yake mnayo ninyi mnaokuja na begi moja na siku tatu. Mwalimu wetu wa Tabora alituahidi kwamba Desemba atakuja na mwanawe, na kwamba siku ya kwanza hawatanunua kitu. Watavuka uwanja, waende wakalione fuvu. Tunamngoja, pamoja na ninyi nyote.